Rangi ya Uso wa Selestini

Leonia alikuwa amechoka na misiba ya watu. Semeni ana roho mbaya, semeni tu, lakini hebu kaeni nyinyi ndani ya chumba kisicho na dirisha, kuta zimebandikwa trei za mayai na magodoro yaliyokufa ili sauti za nje zisiingie, joto la mtaa wa Katubuka limejaa humo ndani tele, na mbele yenu kwenye kompyuta kuna maiti ya mtu msiyemjua. Mnatakiwa mkate pale mjomba anapojikwaa, mpunguze kilio ili mahubiri yasikike, halafu muunganishe kwaya. Leo msiba, kesho kuwaaga wanaokwenda Amerika, keshokutwa msiba tena. Harusi nazo zilikuwepo, lakini chache, na watu wa harusi ndio wasumbufu kuliko wote.

Miaka ile watu walikuwa wanavuka ziwa kila kukicha, wengine kutoka Kongo, wengine Burundi. Wanashushwa na mafurushi yao, wanapelekwa kambini Nyarugusu, na huko wenye bahati wanaitwa, wanahojiwa, wanapimwa, wanapandishwa ndege. Familia moja ikawa na mtu Ujiji, mtu kambini na mtu huko kwenye theluji. Sasa hao waliokwenda mbali walikuwa na sharti lao: matanga hayaanuliwi mpaka nao wamwone marehemu. Zamani ilikuwa ni kumsubiri ndugu ashuke kwenye boti kutoka Uvira. Siku hizi ndugu hashuki, basi anapelekewa video. Aitazame na wenzake, aseme, "Tumemwona," ndipo mikeka ikunjwe na mjane aruhusiwe kutoka. Ndiyo maana Leonia hakukosa kazi, na ndiyo maana alikuwa amechoka hivyo.

Asubuhi hiyo alikuwa anarekebisha sauti za kwaya moja ya mtaa wa Mwanga, sauti ya tatu ikipiga kelele kuliko ya kwanza, mlango ukagongwa. Alikuwa Honorata, mjane wa Selestini wa Rusimbi. Leonia alimkumbuka vizuri kwa sababu msiba wa mumewe alikuwa ameurekodi mwenyewe na kuutuma mwenyewe kwa shemeji za mjane huyo. Kitambaa cheupe cha msiba bado kilikuwa kichwani kwake, na ilionekana amejiiba nyumbani, maana matanga yalikuwa hayajaanuliwa.

"Mwakeye, dada Leonia."

"Mwakeye. Karibu, pita. Sogeza hizo waya ukae. Pole na matatizo."

Honorata hakukaa. Alitoa simu kwenye fundo la kitenge, akaifungua, akamnyooshea. "Hebu mtazame mume wangu."

Leonia akatazama. Ilikuwa picha moja tu, imekatwa kutoka kwenye video yake: uso wa Selestini ndani ya jeneza, umekuzwa ukajaa kioo chote cha simu. Midomo ilikuwa ya bluu, bluu iliyokaribia weusi. Kucha za mkono uliowekwa kifuani, vilevile. Hata chini ya macho palikuwa na rangi hiyo.

"Picha hii imetoka wapi?"

"Kwako. Shemeji Bonifasi aliikata huko Amerika akaiweka kwenye kundi la familia. Kaandika, ndugu yetu kalishwa kitu, tazameni midomo. Wote wamekubali, hata walioko kambini." Sauti yake haikupanda wala kushuka. Alikuwa anaongea kama mtu aliyekwisha kulisema jambo hilo mara nyingi mno. "Wamesema matanga hayaanuliwi. Na Yunisi anachukuliwa leo, mwanangu. Wifi Angela ameagizwa aje jioni amchukue, asiendelee kula kwenye mikono yangu."

"Loo! Yunisi yule wa darasa la pili?"

"Nina Yunisi mwingine?"

Leonia aliiweka simu mezani, akaifungua video ileile kwenye kompyuta yake. Selestini akatokea, mtu wa maji ya kunde, midomo ya kawaida, amelala zake. Hakuna bluu. Honorata akainama akaona, akaangalia simu, akarudi kuangalia kompyuta.

"Kwako ni mwingine," alisema.

Hapo Leonia akajua kosa liko wapi. Kile kioo cha kompyuta alikinunua kwenye ofisi moja iliyokuwa inatupa vitu vyake chakavu. Kilikuwa kimezeeka, rangi yake imekwenda njano, na yeye alikuwa anajua. Kila mwezi alikuwa anasema, nitabadilisha, nitabadilisha. Alichukua karatasi nyeupe akaibandika pembeni, halafu akafungua ukurasa mweupe kwenye kompyuta. Karatasi ilikuwa nyeupe. Ule weupe wa kompyuta ulikuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara.

Sasa fikirini. Mtu anayetazama dunia kupitia njano, akiona nyuso za watu zimekuwa njano, atafanya nini? Ataongeza bluu mpaka macho yake yaridhike. Ndivyo Leonia alivyofanya, na bluu ile hakuiona kamwe kwa sababu njano ya kioo ilikuwa inaimeza. Ikasafiri yote mpaka Amerika.

"Honorata, kosa ni langu," alisema. "Hiki kioo kimenidanganya, na mimi nilikijua kuwa ni kibovu."

Alitegemea matusi. Angeyapokea. Honorata aliketi tu juu ya spika, akapangusa uso kwa kiganja. "Basi kirekebishe. Mpe rangi yake."

"Kwa kioo hiki? Nitamtoa mwekundu, watasema amechomwa moto. Na simu siziamini, kila simu ina rangi zake. Nyanyuka twende mjini, lazima nipate kioo kisichosema uongo."

"Na mimi nije kufanya nini? Mimi wa msiba, natembeaje madukani?"

"Uje. Mimi macho yangu siyaamini tena leo."

*

Duka la Ignas lilikuwa kwenye barabara inayopanda kutoka stesheni, limejaa kompyuta zilizokwisha tumiwa na watu wengine, zikaletwa kwa treni kutoka Dar. Ignas mwenyewe alikuwa mtu wa maneno mengi, na hata joto la mchana halikumpunguzia.

"Dada Leonia! Umeshuka mjini, kulikoni? Kwaya zimekufa?"

"Nataka kioo cha kuhariria video. Kinachoonyesha rangi kama ilivyo."

"Vipo vitatu, na vyote vinaonyesha rangi."

"Ignas, usinianze."

Akavipanga mezani, akavichomeka. Cha kwanza kilikuwa kikubwa, kipana, kinang'aa mpaka ukijiona humo unajitengeneza nywele. "Huyu ni mnyama," alisema Ignas. "Ukiweka mpira humu unaliona mpaka jasho la kipa." Cha pili kilikuwa chembamba na kizuri kwa umbo. Cha tatu kilikuwa kizito, kinene mgongoni, kina mikwaruzo pembeni, uso wake umefifia kama ubao wa shule uliopanguswa. Kilitoka kwenye kiwanda fulani cha kuchapa vitabu, Ignas alisema, na akasema kwa sauti ya kuomba radhi.

Kweli ni kweli, moyo wa Leonia ulikitaka kile kikubwa. Alikwisha kijengea nafasi kichwani: wateja wanaingia, wanaketi, wanajiona wakubwa na wazuri, wanatoka wanamsifia. Ndoto yake hasa ilikuwa vioo viwili, kimoja cha kukatia, kingine cha kutazamia. Lakini mfuko ulikuwa na pesa ya kimoja tu, na mbele yake alikuwa amesimama mwanamke ambaye jioni ananyang'anywa mtoto.

Akatoa flashi yenye msiba. Honorata akamshika mkono.

"Usimweke hapa."

"Nataka tu kulinganisha."

"Mume wangu si wa kuwekwa dukani, watu wanaopita wanunue chaja wakimtazama. Tafuta kingine."

Leonia alifikiri kidogo, halafu akafungua begi la kamera. "Nipe mkono wako basi. Njoo hapa mlangoni kwenye mwanga."

Akaurekodi mkono wa Honorata, juu na kiganjani, juani. Akaiingiza ile video kwenye kompyuta ya Ignas, akavitia vioo vyote vitatu mkono uleule, na Honorata akaambiwa asimame karibu na mlango, auweke mkono wake wa kweli pembeni ya kila kimoja.

Kwenye kile kikubwa mkono ulitoka wa dhahabu, laini, unang'aa. Ignas akapiga makofi. "Si nilisema!"

Honorata alitazama huku, akatazama huku. "Huu si mkono wangu," alisema. "Huu haujawahi kufua hata soksi."

Ignas alicheka, Leonia naye akacheka, kisha wote wawili wakakumbuka mwenzao ni wa msiba wakaacha. Kwenye kile chembamba mkono ulikaa vizuri ukisimama katikati, lakini Honorata aliposogea hatua moja kulia ukapauka, aliposogea kushoto ukawa mweusi tii. "Hiki ni kigeugeu," Leonia alisema. "Mimi siwezi kufunga shingo yangu kwa kamba ili niwe katikati siku nzima."

Wakaja kwenye kile kizito cha mikwaruzo. Honorata aliuweka mkono wake pembeni yake. Kovu la mafuta ya kukaangia dagaa lilikuwepo, na rangi yake ya waridi iliyofifia. Vifundo vya vidole vilikuwa vikavu, vya kijivu kidogo, kwa sababu tangu msiba uanze hakuwa amejipaka mafuta. Alisogea kulia, alisogea kushoto, mkono haukugeuka.

"Ndio huu," alisema. "Jamani, nimekauka hivi?"

"Hiki hakina mvuto, dada," Ignas alimnong'oneza Leonia. "Wateja wako watakikimbia."

"Wakikimbia watarudi. Funga hicho hicho."

Wakarudi Katubuka kwa bajaji, Honorata amekipakata kioo kimefungwa kwenye kitenge. Njiani Leonia alikuwa anahesabu kichwani video zote alizozitengeneza kwa kile kioo cha njano, maiti wote wale, na hakutaka kuendelea kufikiri.

*

Alipokichomeka na kuifungua video ya msiba jinsi kamera ilivyoichukua, kabla hata ya mkono wake kuigusa, alijishika kichwa. Kumbe bluu haikuwa yake peke yake! Kila kitu kilikuwa na bluu. Joho jeupe la mchungaji lilikuwa na rangi ya sare za shule. Mashuka ya jeneza, bluu. Meno ya wanakwaya, bluu. Akakumbuka: siku ile jua lilikuwa kali, na juu ya uwanja walikuwa wametandaza turubai la plastiki la bluu, wameliazima kwa mtu aliyetoka nalo kambini. Mwanga wote uliowafikia ulipita humo. Halafu yeye, kwa kioo chake kibovu, akaongeza bluu juu ya bluu.

"Turubai," alisema.

"Turubai gani?"

"Lile mlilofunga uani. Limewapaka rangi nyote."

Alianza kazi. Alichukua joho la mchungaji, kwa sababu joho lilikuwa jeupe na watu wote walijua ni jeupe, akapunguza bluu polepole mpaka likarudi kuwa joho. Joho liliporudi, mashuka yakarudi, meno yakarudi, na Selestini akarudi. Midomo mikavu, ya mtu aliyeugua kifua muda mrefu. Honorata alisogea karibu na kioo.

"Ndiye," alisema. Hakulia. Hata hilo walikuwa wamelisema kwenye kundi la familia, kwamba mjane halii.

Leonia alikuwa amempigia Angela simu, dada wa marehemu, akamwomba apite kwake kabla ya kwenda Rusimbi kumchukua mtoto. Angela akafika jua likianza kulegea, na mfuko wa nguo mkononi. Ulikuwa mtupu, wa kuwekea nguo za Yunisi. Hakumtazama wifi yake usoni.

"Shikamoo, dada," Honorata alimsalimia, maana Angela alikuwa dada mkubwa wa mumewe.

"Marahaba."

Leonia alimweleza, kioo cha zamani, turubai, bluu. Angela alisikiliza akiwa amesimama.

"Lakini wewe ulikuwepo, dada Angela," Leonia alisema mwisho. "Ulimwona kwa macho yako. Alikuwa wa bluu?"

"Mimi nilikuwa nalia. Mtu anayelia anaona nini? Kamera haikulia."

Leonia alichoka. Aliirudisha ile video ya kwanza, ile ile aliyoituma Amerika, akaisogeza mpaka pale Angela mwenyewe anapoinama juu ya jeneza kumbusu kaka yake. Akaisimamisha.

Nyuso mbili zilikuwa pamoja, ya maiti na ya mzima. Midomo ya Angela ilikuwa ya bluu vilevile, na chini ya macho yake vilevile, na vidole alivyoshikia ukingo wa jeneza vilikuwa na kucha za bluu.

"Huyu naye alilishwa na nani?" Leonia aliuliza.

Angela aliketi. Aliangalia uso wake kwa muda mrefu, mkono ukaenda mdomoni wenyewe, akajigusa. "Mpigie Bonifasi," alisema.

Walimpigia kwa picha. Bonifasi alitokea amevaa koti ndani ya nyumba, nyuma yake ukuta mtupu. Walimtumia ile video iliyorekebishwa, wakamsubiri atazame. Alitazama, na uso wake haukulegea hata kidogo.

"Mmempaka rangi," alisema.

"Shemeji, turubai ndilo..." Leonia alianza.

"Dada, wewe ni fundi, unafanya anachotaka aliye mbele yako. Ya kwanza ilikuwa ya kweli. Hii imetengenezwa, wewe mwenyewe umesema umeitengeneza. Mkiweza kumtoa bluu, mnaweza kumtoa chochote." Sauti yake ilipasuka, na Leonia aliona mtu huyu hajalala siku nyingi, yuko peke yake na picha ile kwenye simu. "Mimi sikumzika kaka yangu. Nina video tu. Sasa niulizeni, chakula cha mwisho alipewa na nani? Uji ule alikorogewa na nani? Si huyo aliyekaa hapo?"

"Nilimkorogea mimi," Honorata alisema.

"Mmesikia! Angela, nenda kamchukue mtoto."

Leonia alikwisha nunua kioo, alikwisha rudisha joho la mchungaji, na mtu yule aliyeko mbali alikuwa na haki ya kutokuamini.

Angela akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Kaka, ule uji niliunywa mimi."

"Unasema nini?"

"Alikunywa vijiko viwili, akasema kifua kinabana, akageukia ukutani. Honorata alikuwa ametoka kuchota maji. Nikabaki na bakuli. Nikaunywa wote, nikalipangusa kwa kidole." Aliisogeza simu karibu na uso wake. "Mtu anapigania roho yake, na mimi dada yake nimemgeuzia mgongo nakunywa uji wake. Ningelisemaje hilo kwenye kundi? Ningemwambia nani? Niliposikia mnasema sumu, nikajua si kweli, na nikanyamaza. Kama kulikuwa na kitu, basi nimekila. Niangalie, Bonifasi. Niko mzima."

Bonifasi alimwangalia. Halafu aliinamisha kichwa, wakaona nywele zake tu, na sauti ikatoka chini. "Basi. Anueni matanga." Simu ikazimika.

Hakuna aliyefurahi. Angela aliuokota ule mfuko mtupu sakafuni, akaukunja, akaukunja tena ukawa mdogo, asijue auweke wapi. Honorata alikuwa anamtazama, na Leonia akajiandaa, kwa sababu maneno ambayo mwanamke yule alikuwa na haki ya kuyasema yalikuwa mengi na yote yangekuwa ya kweli.

"Ulikuwa na njaa, wifi?" Honorata aliuliza.

"Nilikuwa na njaa. Siku zile kwangu walikuwa wanakula watoto tu."

Hapo Honorata akalia. Ndiyo mara ya kwanza tangu Selestini afe, akalia kwa sauti, kitambaa cheupe kikamwanguka, na Leonia akafunga mlango wa studio ili majirani wasisikie. Alipopata pumzi alimshika Angela mkono.

"Ungeniambia," alisema. "Jikoni kulikuwa na sufuria nzima."